Kampuni hukimbiwa au huendeshwa?

SWALI: Ninafasiri taarifa za Kiingereza na neno "run" linanisumbua. Kamusi yangu inaanza na "kukimbia", lakini nilipoandika "Rais anakimbia nchi" wenzangu walicheka. Je, Kiswahili kina neno moja linalotosha?

JIBU: Hakina, na wenzako wamecheka kwa haki. Rais anayeikimbia nchi yuko njiani kwenda uhamishoni! Kitenzi "kukimbia" kikipewa yambwa, yaani kitu kinachotendewa, mara nyingi maana yake ni kutoroka: watu hukimbia vita, hukimbia madeni. Ukisema mkurugenzi anakimbia kampuni, umetangaza kwamba kampuni imemshinda.

Waingereza wenyewe wamelitwika neno hili mzigo mzito. Katika toleo la mwaka 1989 la Oxford English Dictionary, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Wahariri walipolipitia upya "run", walifikisha maana 645, tena za kitenzi peke yake. Kwa hiyo acha neno, tazama tendo. Mto hutiririka, barabara hupita, nguo huchuja rangi, mwanasiasa hugombea, na aliyemaliza mafuta ameishiwa. "In the long run" ni "hatimaye". "Katika mbio ndefu" tuwaachie wanariadha.

Katika taarifa unazofasiri, neno la kushika ni "kuendesha". Limetokana na "kwenda": kuendesha kitu ni kukifanya kiende, na ndiyo maana linakubali gari, mashine, kikao, mafunzo, hata kampuni. Kwa rais, mimi ningeandika "anaiongoza nchi", ingawa "anaendesha nchi" nayo husemwa na haina kosa. Angalia tu usimwache mtu akiendesha bila kutaja anachoendesha. "Mtoto anaendesha tangu jana" maana yake anaharisha, na hapo, kwa sadfa ya kuchekesha, Kiingereza nacho husema "the runs".

Umegusia taarifa, basi bila shaka utakutana na za kompyuta. Programu huendeshwa, au kwa lugha nyepesi inafanya kazi. "Kukimbia" kuweke kwa ajili ya kasi: ukisema "kompyuta hii inakimbia", msomaji ataelewa kwamba ni nyepesi, haikwami, kama tunavyosema gari fulani linakimbia.