Kabla hujanunua sola ya utando mwembamba

Malipo ya korosho yakishatoka, simu yangu hapa Masasi haipumziki. "Fundi, nimeona sola mpya, nyembamba, nichukue?" Nami huuliza: ndani yake kuna nini?

Swali hilo nilijifunza kwa hasara. Sola yangu ya kwanza ilikuwa ya kioo cha rangi ya kahawia, utando (tabaka jembamba sana) wa silikoni, malighafi ya sola nyingi, lakini ile isiyo na fuwele, yaani atomu zake hazikupangwa kwa mpangilio. Siku ya kwanza niliipima saa sita mchana, ikatoa ampea nzuri kabisa. Miezi michache baadaye redio ikawa inazima kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilifungua nyaya zote nikitafuta kosa langu. Kumbe silikoni ile hudhoofishwa na mwanga wenyewe mwanzoni, kisha hutulia. Wataalamu wanalijua hilo tangu 1977. Muuzaji hakuniambia.

Malighafi mpya ninayoipenda ni kesteraiti: shaba, zinki, bati na salfa. Salfa ileile tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga! Haihitaji indiamu, metali ya sola nyingine za utando, ambayo ni adimu na ya ghali. Utando wa mikroni moja au mbili (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unatosha kunasa mwanga, wakati kipande cha silikoni ya kawaida kina unene wa mikroni 150 hivi.

Shida ni kwamba atomu za shaba na zinki zinakaribiana ukubwa, basi hubadilishana nafasi ndani ya fuwele, na volti inapotea. Mwaka 2013 watafiti wa IBM, kampuni ya kompyuta, kwa kuongeza seleniamu, elementi inayofanana na salfa, walifikia ufanisi (sehemu ya mwanga inayogeuka umeme) wa asilimia 12.6 kwenye kipande kidogo cha maabara, na rekodi hiyo ilikaa miaka. Paneli nzuri ya silikoni dukani inafika 20. Perovskaiti, malighafi nyingine mpya ya utando, imepanda haraka, kutoka asilimia 3.8 mwaka 2009 hadi zaidi ya 25, lakini unyevu unaiharibu, na nyingi zina risasi, ile metali yenye sumu. Ndugu zangu wa Mikindani, ambako hewa ya chumvi inakula hata misumari ya paa, msiikimbilie.

Kwa hiyo leo nunua silikoni ya fuwele. Ukiuziwa utando, dai karatasi ya vipimo inayotaja malighafi. Ikikosekana, rudi na hela yako. Halafu pima siku ya kwanza, na upime tena baada ya miezi mitatu, saa ileile, anga likiwa halina mawingu. Mimi huandika kwa maka peni mgongoni mwa paneli: tarehe, saa, ampea.