Nywele yake, nyimbo yake: wino mwekundu kwenye makala ya shampuu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika makala kuhusu matangazo ya zamani ya shampuu, ya Marekani na Uingereza, na mastaa waliotokea ndani yake. Mahali fulani niliandika hivi: "Staa huyo alifanya tangazo la shampuu. Nywele yake ndefu ilipendwa na wengi, na nyimbo yake ikavuma." Mhariri amepiga wino mwekundu mara tatu: alifanya, nywele yake, nyimbo yake. Huku kwetu Nakuru kila mtu anasema hivyo. Kwani ni makosa kweli? Na kale kawimbo kafupi ka tangazo, ambako redioni wanakaita jingo, tukaite nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhariri wako ana haki katika mawili. Katika la tatu amekuonea kidogo, na nitakutetea.

Nianze na nywele, kwa kuwa ndizo zinazouza shampuu. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hebu iseme "kila mtu ana yake" uone methali inavyochechemea. Najua utanijibu kwamba hilo "zake" huenda ni la akili, si la nywele. Haya, basi fungua Biblia ya Kiswahili, pale wanafunzi wanapoambiwa kuwa hata nywele za vichwa vyao zimehesabiwa zote. Zimehesabiwa, moja moja. Nywele kwa Mswahili ni vitu vingi vinavyohesabika, hata kama mwenye kuzihesabu ni Mungu peke yake. Kimoja chake ni unywele: ule unaoukuta kwenye supu ukamwita mhudumu.

Basi unywele mmoja, nywele nyingi, sawasawa na uso na nyuso, ufunguo na funguo. Unywele wake umekatika. Nywele zake zimekatika. "Nywele yake" haipo katika hesabu hiyo.

Mbona basi kosa hili limeenea hivi, tena kwa watu wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni? Wengi husingizia Kiingereza, ambacho huziona nywele za kichwa kizima kuwa kitu kimoja. Hilo limo, hasa Nairobi na miji ya jirani. Ila nadhani mchawi mwenyewe yumo humuhumu ndani ya Kiswahili. Sikiliza sifa ambazo matangazo ya shampuu huzipa nywele: ndefu, nyeusi, nzuri, laini, safi. Hakuna hata moja inayokuambia kama ni moja au nyingi. Nyumba nzuri hii, nyumba nzuri hizi. Kivumishi kimetulia tu, hakijigusi. Mtu anaweza kuzisifu nywele kutwa nzima bila ngeli kumshika. Siku atakapofika kwenye "-ake" au kwenye kitenzi, sikio limekwisha kuzoea, na nywele imegeuka kuwa jamaa ya nyumba na ndizi.

Kwa hiyo sentensi yako inakudanganya palepale kwenye "ndefu". Ukiliondoa neno hilo utaliona kosa haraka zaidi.

Nikupe mfano wa makala yako mwenyewe. Mwaka 2010 kampuni inayotengeneza shampuu ya Head & Shoulders ilizikatia bima nywele za Troy Polamalu, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Pittsburgh Steelers, kupitia Lloyd's ya London, kwa dola milioni 1. Alikuwa sura ya matangazo yao, na nywele zake zilimwagika nje ya kofia ya chuma hadi mgongoni. Andika "nywele yake ilikatiwa bima" na msomaji wa Pemba atajiuliza ni ule unywele gani wenye thamani hiyo.

Sasa nyimbo. Ugonjwa ni uleule kwa sababu ukoo ni uleule: wimbo mmoja, nyimbo nyingi. Hapa lakini madhara ni makubwa zaidi. Unywele mmoja hatuutaji mara kwa mara, kwa hiyo "nywele yake" angalau inaeleweka. Wimbo mmoja tunautaja kila siku. Wasanii wetu wanaposema "nyimbo yangu mpya imetoka", nabaki kujiuliza ni wimbo au ni albamu. Nimeacha kuwasahihisha redioni. Huwa nasahihisha peke yangu, kwa sauti, jikoni.

Chukua John Barry, Mwingereza aliyejulikana kwa muziki wa filamu za James Bond. Katika miaka ya 1960 alitunga muziki wa tangazo la shampuu ya Sunsilk, na ukapendwa hata ukatolewa kwenye santuri. Ukiandika "nyimbo yake ilitumika", msomaji hajui kama alitunga kitu kimoja au kumi. Na hapo kuna jambo jingine: muziki ule hauna maneno. Wimbo unatokana na kuimba, na pasipo mwimbaji mimi nasita kusema wimbo. Sema muziki wa tangazo, au kama unataka kutaja ule mpangilio wa sauti unaobaki kichwani, sema lahani.

Tofauti na Halo, shampuu ya Colgate iliyotangazwa redioni Marekani katika miaka ya 1940. Jina lake liliimbwa likifanana na salamu ya kwenye simu, na watu walikuwa wakilirudia wenyewe. Hiyo ni jingo hasa. Nimeona wengine wakiita jingo "kibwagizo". Sikubaliani nao. Kibwagizo ni sehemu ya wimbo inayorudiwarudiwa, na jingo ni wimbo kamili hata ukiwa wa sekunde kumi. Unaweza kuwa na kibwagizo chake ndani. Kwenye makala andika "wimbo wa tangazo", wingi "nyimbo za matangazo". Jingo liache kwa watu wa studio, wanalitumia vizuri. Na "kawimbo kafupi" kako kamenichekesha. Kwenye barua kanapendeza, kwenye makala mhariri atakamaliza.

Kuhusu "alifanya tangazo", hapa ndipo ninapokutetea. Si kosa la sarufi. Ubaya wake ni kwamba halisemi alifanya nini, na matangazo ya shampuu yamewatumia mastaa kwa namna mbalimbali. Wasichana wa matangazo ya shampuu ya Breck, kuanzia mwaka 1936, walichorwa na Charles Sheldon kwa rangi za chaki. Baadaye walikuwamo kina Cybill Shepherd, Kim Basinger na Brooke Shields. Hao walitokea kwenye matangazo, au sura zao zilitumiwa. Farrah Fawcett alifika mbali zaidi: baada ya kutangaza shampuu ya Wella Balsam, kampuni ya Fabergé ikatoa shampuu yenye jina lake. Huyo alitoa jina. Mwimbaji akiimba, sema aliimba. "Alishirikishwa" nalo linafaa, tumelizoea kwenye nyimbo za Bongo Fleva. Ukitaka "balozi wa shampuu", sikukatazi, japo mimi nilikulia mtaa wenye balozi wa nyumba kumi, na nikisikia neno hilo nafikiria kikao cha usuluhishi.

Shampuu yenyewe inafuata sabuni: shampuu hii, na hizi zikiwa aina nyingi au chupa nyingi. Hukuliuliza asili yake lakini siwezi kujizuia. Neno limeanzia Kihindi, kwenye kitenzi chenye maana ya kubonyeza na kukanda. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua bafu huko Brighton, Uingereza, na Waingereza wakaenda kukandwa mwili. Hiyo ndiyo iliyoitwa shampuu. Kuosha nywele kulikuja baadaye. Kwa hiyo bi harusi wa Unguja anaposingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa singo yenye manukato, na somo wake, mwanamke anayemfunda, yuko karibu na maana ya kwanza ya neno hilo kuliko dada wa kwenye tangazo anayerusha nywele begani.

Mpelekee mhariri sentensi hii: "Staa huyo alitokea kwenye tangazo la shampuu. Nywele zake ndefu zilipendwa na wengi, na wimbo wake ukavuma." Kama nyimbo zilikuwa mbili, unajua la kufanya.