Brian Cox alikuwa wapi kabla ya Succession? Alikuwa kazini

Mkuu mleta uzi, umeuliza huyu Brian Cox, mzee aliyeigiza tajiri Logan Roy kwenye Succession, tamthilia ya televisheni ya HBO ya Marekani, alikuwa wapi miaka yote, na ni bahati gani iliyomwangukia akiwa na miaka 72. Waliotangulia kuchangia wamesema Marekani ndiyo iliyomtengeneza. Mimi napinga, na naomba mnivumilie kwa urefu, kwa sababu niliwahi kuishi Dundee nikisoma, nimemwona jukwaani kwa macho yangu, na kuigiza ndiyo kazi inayonilisha.

Wengi wetu tulikuwa tunamfahamu bila kulijua jina lake. Agamemnon kwenye Troy (2004), yule mfalme mroho asiyeshiba falme za wenzake, ni yeye. Stryker kwenye X2 (2003) ni yeye. Ward Abbott, bosi wa CIA kwenye filamu mbili za mwanzo za Bourne, ni yeye. Hata mjomba Argyle anayemchukua Wallace mdogo baada ya msiba kwenye Braveheart (1995) ni yeye pia. Nilizitazama zote kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba yule ni mtu yule yule. Kwa mwigizaji hiyo ni sifa kubwa, ingawa haileti umaarufu.

Sasa turudi alikotoka. Alizaliwa Dundee, Scotland, tarehe 1 Juni 1946, kitinda mimba wa watoto watano. Baba alikuwa na duka la vyakula na mkono mwepesi wa kukopesha. Baba huyo alifariki Brian akiwa na miaka 8, na familia ikabaki mikono mitupu. Mama, ambaye alikuwa msokota nyuzi kwenye viwanda vya juti, nyuzi za mmea za kutengenezea magunia, aliugua akili, akawa wa kulazwa mara kwa mara. Mtoto akalelewa na dada zake. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akienda kwenye duka la chipsi kuomba vipande vya unga vilivyobaki kwenye mafuta, na hicho ndicho kikawa chakula cha jioni.

Ukitaka kuelewa maana ya "msokota nyuzi" kwa Dundee, nenda Verdant Works, kiwanda cha zamani ambacho sasa ni makumbusho. Juti ilikuwa ikija kwa meli kutoka Bengal, inalainishwa kwa mafuta ya nyangumi, kisha inasokotwa na kufumwa kuwa magunia ya dunia nzima. Pale wanakuwashia mashine chache tu, na kelele zake zinakuingia kifuani. Piga picha ukumbi uliojaa mashine hizo kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanawake walizungumza kwa kusomana midomo, na wengi wakaishia kuwa viziwi. Wanawake ndio waliokuwa wengi viwandani kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume, na waume wengi walibaki nyumbani bila kazi. Na hata humo kulikuwa na matabaka: wafumaji walijiona mabibi, wakienda kazini na kofia, na wasokotaji walikuwa chini yao. Mama yake Brian alikuwa upande wa chini.

Mtoto huyu aliacha shule akiwa na miaka 15 bila cheti cha maana, akaingia Dundee Repertory Theatre kupiga deki jukwaa na kutumwa huku na kule. Nawaomba msiipite hatua hii haraka. "Rep" ni kampuni ya waigizaji wanaolipwa kwa wiki na kubadilisha mchezo kila baada ya wiki chache. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, usiku mnaigiza wa sasa. Leo wewe ni mtumishi mwenye mistari minne, mwezi ujao ni baba wa bibi harusi, baadaye ni muuaji. Hakuna nafasi ya kusubiri uhusika unaokufaa. Kijana anayefagia jukwaa hilo anaona wakubwa wakikosea, wakirekebisha, wakibadilika sauti na mwendo mbele yake. Sijui chuo kinachoweza kufundisha hivyo.

Mwaka 1963 akaenda LAMDA, chuo cha uigizaji cha London, kwa ruzuku ya serikali. Kakamilishe hesabu hiyo mwenyewe: mtoto wa mjane, mgonjwa, msokota nyuzi, anasomea uigizaji London bila kudaiwa. Amekuwa akisema hadharani kwamba kijana wa aina yake leo asingeipata njia ile, na naamini ana haki ya kukasirika. Wenzetu walitoa kipaji mtaani kwa sababu walilipa gharama ya kukitoa.

Kuanzia hapo ni kazi tupu. Alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha ukumbi wa Royal Lyceum, Edinburgh, mwaka 1965, akaenda Birmingham, akafika West End, mtaa wa kumbi kubwa za London, mwaka 1967. Tuzo ya Olivier, ile kubwa ya jukwaa la Uingereza, ya kwanza aliipata 1984 kwa kuigiza polisi wa Ireland Kaskazini kwenye Rat in the Skull. Ya pili 1988 kwa Titus Andronicus wa Shakespeare, chini ya mwongozaji Deborah Warner. Wanaousoma mchezo ule wanajua mahali pagumu zaidi: Titus, baada ya kukatwa mkono na kuletewa vichwa vya wanawe, anacheka, kwa kuwa machozi yamemwishia. Ukicheka vibaya pale, ukumbi wote unakucheka wewe. Mwaka 1990 akacheza King Lear pale National Theatre. Hawa ndio mababu wa Logan Roy: baba mwenye himaya anayewagonganisha watoto wake ni Lear, na Cox alikuwa amemvaa miaka 28 kabla ya Succession kuanza kuonyeshwa.

Sinema nayo haikumtendea haki mapema. Mwaka 1986, kwenye Manhunter, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumwigiza Hannibal Lecter, daktari muuaji anayekula watu, kwenye filamu. Ni dakika chache tu, amekaa kwenye chumba cheupe, anaongea kama daktari aliyechoka na mgonjwa. Filamu haikuuza, na miaka mitano baadaye Anthony Hopkins akachukua Oscar kwa mhusika yule yule.

Nimwelezee nilivyomwona mimi. Ilikuwa London, 2024, ukumbi wa Wyndham's, mchezo wa Eugene O'Neill uitwao Long Day's Journey into Night. Anacheza James Tyrone, mwigizaji mzee mwenye asili ya Ireland aliyekulia kwenye ufukara. Tyrone alipata mchezo mmoja unaoleta pesa, akaung'ang'ania mpaka kipaji kikafa, yote kwa woga wa kurudi kwenye umaskini. Kuna usiku anamkiria mwanawe hayo. Cox aliyasema polepole, bila kupandisha sauti hata kidogo, na kila alipotaja fedha mkono ulikuwa unajikunja wenyewe. Nilikuwa natazama mtu anayeijua hofu ile vizuri kabisa, ambaye yeye hakuifuata: alikubali kuwa mwovu, mjomba, mfalme, nafasi ndogo na kubwa, akabaki na kipaji chake kizima.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: mwanzoni alielezwa kwamba Logan Roy ni mzaliwa wa Quebec. Ilipofika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza, waandishi wakawa wameshambadilisha kuwa mtoto wa Dundee. Mwaka 2025 alirudi Dundee Rep kwenyewe na mchezo wa Make It Happen, akiwa mzuka wa Adam Smith, mwanauchumi wa zamani wa Scotland, akiwa na miaka 79.

Mkuu, ukitaka kumtazama vizuri, usianze na Succession. Anza na Nuremberg ya mwaka 2000, tamthilia ya televisheni iliyompa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kumwigiza Göring, kiongozi wa Nazi aliyeshtakiwa baada ya vita. Tazama anavyowafanya walinzi wake wampende, kisha nenda Manhunter, na Logan mwache awe wa mwisho.