Neno "check": ni moja tu wakuu, na mwenye nalo ni mfalme wa Uajemi

Mdau kauliza kwa nini check kwenye English mara ni kukagua, mara kuzuia, mara hundi, na kwa nini hiyo hundi Muingereza anaandika cheque ila Mmarekani anaandika check, je ni maneno tofauti yamefanana tu? Hapana mkuu, ni neno moja. Nimefundisha English sekondari muda mrefu na hili wanafunzi linawatesa kweli, unakuta kwenye ufahamu kuna sentensi ya measures to check soil erosion, darasa karibu zima linaandika "kukagua mmomonyoko" wakati maana ni kuuzuia, na mtoto hana kosa, yeye cheki anayoijua ni ya "hebu cheki hapa" au "nicheki baadae".

Asili yake ni shah, mfalme kwa Kiajemi. Chesi, ile wazee wa pwani wanaiita sataranji, ilitoka India ikaingia Uajemi, Waarabu wakaichukua na kupitia kwao ikafika Ulaya. Ukimtishia mfalme wa mwenzako unamtamkia "shah!", na hapo lazima aache mipango yake yote amuokoe kwanza mfalme. Hilo tamko kwenye Kilatini cha enzi zile likawa scaccus, Kifaransa cha zamani eschec, Waingereza wakalipokea kwenye miaka ya 1300 hivi likawa check. Kwa hiyo maana ya kuzuia ndiyo iko karibu zaidi na mzizi, mtu kasimamishwa ghafla hawezi kuendelea, halafu kutoka kuzuia ndio ikaja kudhibiti, na huwezi kudhibiti kitu bila kukikagua. Mimi siku hizi naanza na ubao wa chesi kabisa ndio nakuja kwenye kamusi.

Checkmate ni shah mat. Wengi wanatafsiri "mfalme amekufa" kwa sababu ya Kiarabu mata, ila mimi nakubaliana na wanaosema ni mat ya Kiajemi, yaani kakwama hana la kufanya, maana kwenye chesi mfalme haliwi. Na huyo shah hata sisi tunaye, shaha wa malenga ni yeye huyo huyo.

Sasa hundi. Uingereza ya karne ya 12, kuanzia enzi za Mfalme Henry I, masherifu, yaani maofisa wa mfalme huko majimboni, wakileta mapato hesabu zilipigwa kwenye meza kubwa ya kama futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa chenye mistari, wanasogeza vitufe kwenye safu za pauni, shilingi na peni, kila mtu anaona kwa macho, na kumbuka namba za Kirumi kujumlishia ni mateso. Ile meza ilifanana na ubao wa chesi ikaitwa scaccarium, ndio Exchequer, yaani hazina ya serikali, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza cheo chake ni Chancellor of the Exchequer!

Karne ya 18 mabenki ya kule yakawa yanaita check kile kishina cha hundi kinachobaki, cha kulinganishia ili mtu asighushi, baadae jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Waingereza wakaivuta spelingi ifanane na Exchequer wakapata cheque, Wamarekani wakabaki na ile ya mwanzo, kwa hiyo kwenye hili Mmarekani hajaharibu kitu, ndiye aliyebaki na ya zamani.

Ukiwa Marekani check pia ni bili ya mgahawani, na ni ile alama ya vema kwenye fomu, na drafti wanaita checkers. Shati la checks nalo limetoka kwenye ubao huo huo, ila Kiswahili sisi tulishasema zamani, shati la drafti.