Jibu: "Advice" au "advise" kwenye barua ya kazi?

Salaam ndugu. Umekwama kati ya "advice" na "advise". Kwanza litamke. Likiisha kwa s kama ya "basi", ni "advice", nomino: ushauri. Likiisha kwa z kama ya "kazi", ni "advise", kitenzi: kushauri. Na "advice" usiitie s ya wingi, haihesabiki.

"Practice" (mazoezi) na "practise" (kufanya mazoezi) sikio halikusaidii, yatamkwa sawa. Hapa Kenya twafuata Uingereza: c nomino, s kitenzi. Marekani huandika c kote.

Mie huchora mabango ya maduka huku Mwembe Tayari, Mombasa. Niliwahi kuandika "stationary" juu ya duka la madaftari, yaani duka lililosimama tuli! Nikapaka upya kwa rangi yangu. Tangu hapo nakumbuka e ya "envelope", bahasha: "stationery", vifaa vya kuandikia.