Andika skripti ya kuzima kabla ya ile ya kuwasha

Vijana wanaoanza kazi ya seva hapa Lubumbashi huniuliza skripti ipi (faili la amri zinazopigwa kwa mfululizo) waiandike kwanza. Karibu wote wanatamani ile ya kuunda mashine pepe (kompyuta inayoishi kama programu ndani ya seva): unapiga amri moja, mashine mpya inasimama na kila kitu ndani. Inavutia, sikatai. Lakini kwa mji wetu, ambako delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, inaweza kupita asubuhi na kurudi jioni, mimi nawaambia waanze na ya kuzima. Mashine mpya utaiunda hata kesho kwa mkono. Hifadhidata iliyokatikiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kukuchukulia wiki nzima.

Nazungumzia mazingira ya ofisi nyingi za hapa: seva ya Linux yenye KVM na libvirt (programu zinazoendesha na kusimamia mashine pepe), onduleri (UPS, betri ya akiba) chini ya meza, jenereta uani. KVM imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo 2.6.20 la mwaka 2007, haidai leseni, na amri ya `virsh` inatosha kwa karibu kazi yote. Wapo wanaopenda dirisha lenye vitufe. Mimi nikiwa nyumbani Kampemba natumia megabaiti za simu, na terminali kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) hula data kidogo mno ukilinganisha na kuvuta picha ya skrini nzima. Sababu hiyo peke yake ilinitosha.

Sasa, `virsh shutdown` ina tabia moja ya kuijua mapema. Inaiomba mashine izime, kisha inakurudishia terminali papo hapo, bila kungoja jibu. Skripti inayopiga amri hiyo kwa mashine zote halafu ikazima seva yenyewe, inazima seva huku mashine bado zinafunga mafaili. Lazima skripti ingoje. Yangu, ukiivua mapambo, ni hii:

```
export LC_ALL=C
export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system
for vm in $(tac orodha.txt); do
  virsh shutdown "$vm"
  for i in $(seq 24); do
    [ "$(virsh domstate "$vm")" = "shut off" ] && break
    sleep 5
  done
done
```

Faili la `orodha.txt` lina majina ya mashine kwa utaratibu wa kuwasha: DNS (inayotafsiri majina ya mashine kuwa anwani), kisha hifadhidata, kisha programu ya uhasibu na nyinginezo. `tac` inaisoma kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo programu zinazimwa kwanza na hifadhidata inabaki hadi karibu na mwisho. Kila mashine inapewa dakika 2. Isipozima, unaamua mwenyewe kama utaongeza `virsh destroy`. Amri hiyo haifuti diski, bali inaikata mashine pepe ghafla kama mtu aliyechomoa waya ukutani, na kwa mashine ya hifadhidata mimi siiweki kabisa. Mashine ya Windows ikiwa na ukaidi, weka ndani yake wakala wa QEMU (programu ndogo inayopokea amri za seva), kisha tumia `virsh shutdown --mode agent`.

Mstari wa kwanza unastahili maneno zaidi, maana unatuhusu sisi kuliko watu wengi. Kompyuta zetu hapa zimewekwa kwa Kifaransa. Debian na Ubuntu, kwa mpangilio wao wa kawaida, hubeba lugha ya laptopu yako kupitia SSH hadi kwenye seva. Seva ikiwa nayo lugha hiyo, `virsh` inakujibu kwa Kifaransa. Skripti inayotafuta neno `running` haitaliona hata siku moja. Kijana wa staji (mafunzo ya kazi) kazini kwetu alikuja siku ya majaribio akiwa ameshika kichwa: "Yaya, skripti inasema hakuna mashine yenye inawaka, na miye naziona zote zinawaka!" Tulipoongeza `LC_ALL=C`, ikaziona. Hatari yake ni kwamba skripti hiyo hiyo inaweza kwenda vizuri ikiitwa na huduma ya seva, kisha ikakosea ukiiita kwa mkono kutoka laptopu yako. Ukitaka orodha tu ya zinazowaka, `virsh list --name --state-running` inakupa majina bila maneno ya lugha yoyote.

Mstari wa pili ni kwa wanaoita `virsh` bila kuwa `root`, yaani msimamizi mkuu wa seva. Bila huo unaweza kuonyeshwa orodha tupu, ukadhani mashine zimepotea.

Halafu hesabu ya betri. Mashine 8 kwa dakika 2 ni dakika 16 hali ikiwa mbaya kabisa, na onduleri ndogo nyingi hazifiki hapo zikiwa na mzigo. Kwa hiyo mashine zisizotegemeana zipe amri ya kuzima zote kwa pamoja, zingoje kwa pamoja, kisha ndiyo uiguse hifadhidata. Usiamini dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Betri za risasi huchoka upesi kwenye joto, na Oktoba ya hapa kila mtu anaijua. Programu ya NUT inasoma hali ya onduleri kwa waya wa USB. Amri ya `upsc` inakuonyesha chaji iliyobaki, na `upsmon` inaita skripti yako betri inaposhuka. Mimi sisubiri ishuke hadi mwisho. Kwa `upssched`, saa ya kuhesabia ya NUT, naanza kuzima dakika chache baada ya umeme kukatika, kama jenereta haijashika.

Ukiiita skripti kwa mkono ukiwa mbali, ifungue ndani ya `tmux`, terminali inayobaki hai kwenye seva hata ukitoka. Mtandao wa simu ukikatika katikati, kazi inaendelea kule kule kwenye seva.

Kuwasha ni rahisi zaidi, ila usiharakishe. Umeme ukirudi huwa unaweza kuondoka tena, na betri bado ni tupu. Nimezima `autostart` (kujiwasha pamoja na seva) kwenye mashine zote kwa sababu haifuati utaratibu wangu. Skripti inangoja hadi chaji ipande, kisha inasoma `orodha.txt` kutoka juu, na haiwashi programu ya uhasibu kabla hifadhidata haijajibu.

Mwisho ni majaribio. Chagua Jumamosi mchana, waarifu watu, chomoa onduleri ukutani na ushike saa. Fanya hivyo kabla ya mvua za Novemba hazijaanza na radi zake. Mashine zikisharudi, fungua logi (faili la kumbukumbu) ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Ukisoma `database system was shut down at`, ilifungwa vizuri. Ukisoma `database system was interrupted`, ilikatwa kabla haijamaliza: iongezee mashine hiyo muda, kisha chomoa tena.