Badilisha kitu kimoja halafu tulia: kwa mnaoanza SEO

Mnaoanza SEO, yaani kazi ya kuifanya saiti ionekane juu kwenye matokeo ya Google, nawapa kosa langu la kwanza bure. Nilikabidhiwa saiti yenye kurasa kama mia mbili hivi, nikaingia na moto wote, ndani ya wiki moja nimebadilisha vichwa vya kurasa, nimefupisha URL (anwani za kurasa), nimepanga upya linki za ndani, nimepunguza uzito wa picha, yaani sikubakisha kitu. Wiki tatu mbele kliki zimeporomoka. Bosi anauliza kulikoni, mi natoa macho tu, nikisema ni vichwa sina uhakika, nikisema ni URL sina uhakika, na siku hizohizo Google nao walikuwa wanasambaza apdeti yao kubwa ya namna wanavyopanga matokeo. Baadaye sana ndo nikagundua kuna URL za zamani sikuziwekea redairekti ya 301 (ya kumhamishia mtu kwenye anwani mpya moja kwa moja), zilikuwa zinatoa 404, yaani "ukurasa haupo", kimyakimya.

Watu wa programu walishaliona hili kitambo, tangu ile ilani ya Agile ya 2001, mtindo wa kutengeneza programu hatua kwa hatua, na hata kabla yake wanafanya kazi vipande vipande, toa kidogo, pima, jifunze, rudi tena. SEO inaingia humo vizuri ila kuna tofauti moja inayowatesa wengi. Developa akipandisha code ya programu yake asubuhi, mchana anajua imekubali au imegoma. We ukigusa ukurasa leo lazima usubiri Googlebot (roboti ya Google inayosoma saiti) ipite, isome, iindeksi upya, yaani iuingize tena kwenye orodha ya Google, na Google wenyewe wanasema badiliko linaweza kuonekana baada ya saa chache au baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo sprinti, yaani kipande cha kazi, ya wiki mbili ni ya kufanyia kazi, sio ya kutolea hukumu. Mimi hutengeneza wiki mbili, naangalia angalau wiki nne, na wakati huo kazi inaendelea kwenye kurasa nyingine, sikai bure.

Sasa tuingie ndani kidogo. Fungua Search Console (zana ya Google inayokuonyesha saiti yako inavyofanya kwenye matokeo), tafuta ukurasa unaoonekana sana kwenye matokeo, upo nafasi ya sita au ya saba, lakini watu hawaubofyi. Tuseme wanaandika "jinsi ya kupunguza saizi ya PDF" halafu kichwa chako kinasema "Suluhisho Bora la Nyaraka Zako". Nani abofye hicho? Chukua kurasa kumi za aina hiyo, badilisha vichwa tu, kurasa kumi zinazofanana nazo usiziguse kabisa. Na kabla hujabadilisha andika unachotarajia pamoja na tarehe, maana matokeo yakishakuja kila mtu huwa "alijua". Zikipanda zote ishirini basi sio kichwa chako kilichofanya kazi, upepo tu umevuma. Halafu hakikisha kwenye matokeo kinaonekana kichwa ulichoandika, Google wana tabia ya kukiandika upya wanavyotaka, unaweza ukapima kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Na hiyo namba ya nafasi ya wastani isikupandishe presha. Ukurasa ukianza kutokea kwa maswali mapya, yaani maneno mapya watu wanayotafuta Google, na kwa mengi uko nafasi ya arobaini huko, wastani unashuka wakati kliki zinaongezeka. Nilishawahi kurudisha badiliko zuri kabisa kwa sababu ya hiyo namba, bado inaniuma. Angalia swali mojamoja. Kama biashara yako ina msimu linganisha na kipindi kama hicho mwaka jana, Search Console inatunza data ya miezi 16 kwa hiyo inawezekana.

Majaribio mengi hayataleta kitu, yaandike nayo pia, la sivyo baada ya miezi sita mwenzako atakuja na wazo lilelile na mtalirudia.

Ila sio kila kitu ni cha kujaribu jamani. Ukikuta noindex (alama ya kuwaambia Google wasiuweke ukurasa kwenye matokeo) imesahaulika kwenye ukurasa muhimu, au robots.txt (faili la kuzielekeza roboti zipite wapi) imefunga folda nzima, au linki zinaelekea 404, rekebisha leoleo zote kwa pamoja. Usiniletee habari za kurasa kumi za kulinganisha wakati ukurasa wenyewe haumo hata kwenye indeksi.